Njiti saba zilizolowa

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ikiwa imekatika punde, jirani yangu wa hapa Pasiansi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akiwasha kiberiti. Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ilitoa moshi kidogo ikazima. Niliziona njiti saba zikishindwa, moja baada ya nyingine. Baada ya ile ya saba aliweka kiberiti chini taratibu, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, akalia.

Si mtu wa kulia ovyo. Ni mchuuzi wa dagaa, mama wa watoto wanne, na ndiye huamka kabla yetu sote kuwahi gari la kwenda mwalo wa Igombe. Nilimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, kama tunavyoitana mtaani, nikamuuliza kimemsibu nini. Akajibu kwamba ni kiberiti.

Bila shaka haikuwa kiberiti. Mambo sita yalikuwa yamemwangukia ndani ya siku nne. Dagaa aliowanunua Ijumaa walinyeshewa wakiwa wameanikwa. Bati moja la paa la jikoni lilifunuliwa na upepo, mkaa ukalowa. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa tangu jana yake. Pikipiki ya mkataba anayoendesha mwanawe mkubwa iligonga injini. Simu ya mama mwenyewe iliingia maji, na ndimo ilimokuwa akiba yake ndogo. Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku ya rejesho la mkopo wake.

Hata mtu aliyebeba magunia yote hayo bila kutikisika anaweza kuangushwa na njiti ya kiberiti. Kila mmoja wetu anayo njiti yake. Yangu mwaka mmoja ilikuwa shilingi mia mbili ya chenji. Nilimfokea kondakta wa daladala mbele ya abiria wote, kwa sababu ya baba aliyekuwa wodini, kodi ya nyumba iliyopanda na kazi niliyokuwa nimeikosa wiki hiyo hiyo. Kijana yule alinitazama bila kuelewa. Mpaka leo nadaiwa na nafsi yangu kumwomba msamaha.

"Vumilia" ni jibu la nani?

Pasiansi ni mtaa wa watu wa shughuli. Iko katika Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara inayotoka mjini kupita Kirumba kuelekea uwanja wa ndege. Nchi nzima inalijua jina lake kwa sababu ya chuo cha wanyamapori kinachofundisha askari wa hifadhi. Wakazi wake wengi, hata hivyo, huishi kwa mkono wa leo: mama lishe, mafundi, bodaboda, wachuuzi wa samaki, vibarua wa viwandani. Mtu wa namna hiyo akikosa siku moja, siku ya pili huanza na deni.

Jirani huyu alipokuwa akilia walikuja watu watatu kabla giza halijaingia. Wote watatu walimwambia avumilie. Walisema kwa upendo, na mmoja aliacha bakuli la uji wa mtoto. Lakini nilimtazama usoni kila neno hilo lilipotamkwa, nikaona linamfunga mdomo. Ukiambiwa uvumilie, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Sina ugomvi na subira. Misikitini na makanisani hapa Mwanza inahubiriwa kila wiki, na imewavusha watu misiba mizito. Ziwa lenyewe hufundisha subira. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa mwanga wa taa. Mwezi ukianza kung'aa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupanda ufukweni kwa siku kadhaa. Wavuvi hushona nyavu, hulala, husubiri. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mvuvi anajua giza linarudi lini.

Subira ya rejesho si ya namna hiyo. Haina mwezi wa kuuhesabu. Kila wiki inayopita inasogeza mbele siku ya kupumua, na anayeambiwa avumilie hajui anavumilia mpaka lini. Hapo ndipo wazee wetu na vijana wetu wanapoanza kutoelewana. Wazee wanaona kizazi kilichokosa moyo. Vijana wanaona neno "vumilia" limegeuka njia ya kumnyamazisha mwenye shida ili wengine wasisumbuke. Nimewasikiliza wote, na naona vijana wana hoja nzito zaidi ya tunavyowakubalia.

> Subira ya mvuvi ina mwezi wa kuihesabia. Subira ya rejesho haina.

Mkosi, au mnyororo?

Usiku ule mtoto alipelekwa zahanati kwanza, hilo halikuhitaji mjadala. Waliporudi tulikaa barazani na daftari la shule la mwanawe. Nilimwomba anisimulie siku zile nne kwa kurudi nyuma, kuanzia kiberiti mpaka Ijumaa asubuhi. Nilitaka kujua kipi kilitangulia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hata yeye hakuwa ameliona. Ijumaa ile wingu lilikuwa zito tangu alfajiri. Mchuuzi mzoefu akiona wingu kama lile la masika hununua kidogo, au huacha kabisa, kwa sababu dagaa wabichi wanahitaji jua kali la siku nzima. Wakinyeshewa hubadilika rangi, huvunda, na bei yao hushuka mpaka ya chakula cha kuku. Yeye analijua hilo kuliko mimi. Lakini alinunua ndoo nyingi kuliko kawaida yake, akaanika chini kwenye wavu kwa sababu chanja zilikuwa zimejaa. Alinunua vile kwa sababu ya rejesho la Jumanne. Aliikimbiza faida ya siku moja ili alipe deni la wiki.

Kwa hiyo dagaa hawakuharibika kwa mkosi. Deni ndilo lililowaweka kwenye mvua. Hata bati, alikuwa amepanga kulipigilia misumari tangu mwezi uliotangulia, fedha ikaenda kwenye rejesho. Simu ililoa kwa sababu alikimbilia kuwafunika dagaa ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Ukitoa homa ya mtoto na injini ya pikipiki, mambo manne kati ya sita yalikuwa yamefungwa kamba moja.

Wataalamu wamewahi kulipima jambo hili. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima yule yule alipewa mitihani ya kufikiri kabla ya mavuno, wakati mfuko umekauka, na baada ya mavuno, wakati ameshalipwa. Alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili yake ilikuwa ile ile, ila sehemu kubwa ilikuwa imekaliwa na hesabu ya fedha, na iliyobaki haikutosha kwa mengine.

Ndiyo maana namkasirikia anayesema maskini hupata shida kwa sababu hafikiri. Anafikiri mchana na usiku, na fikra zote zimemezwa na Jumanne.

Kausha damu

Mikopo kama huu wa jirani yangu mtaani huitwa kausha damu, na jina hilo limetungwa na wakopaji wenyewe. Hutolewa haraka, mara nyingine ndani ya saa moja, kwa picha, nakala ya kitambulisho na orodha ya vyombo vya ndani. Marejesho ni ya kila wiki, wakati mwingine ya kila siku. Ukichelewa, televisheni, godoro na majiko hubebwa mbele ya macho ya majirani. Wanawake wengi hukopa bila waume zao kujua, kisha hukopa huku kulipa kule, na siri ikishakuwa na matawi matatu hawana tena wa kumwambia.

Wakopeshaji nao wana maneno yao, na si haki kuyapuuza. Husema benki haziwataki wateja wao, kwa kuwa hawana hati ya nyumba wala mshahara. Husema wao ndio wanaobeba hatari ya mteja kuhama usiku. Kuna ukweli humo. Mtoto akiugua saa tatu usiku, benki imefungwa, na mkopeshaji wa mtaani simu yake iko wazi.

Lakini sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa watoa huduma hao kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 100,000 kwa mwezi mmoja. Kwa ukomo huo riba ni shilingi 3,500. Anayekutoza asilimia 30 anachukua 30,000, na bado hujakatwa ya fomu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Ni hatua ya maana. Mkopeshaji wa mfukoni, anayepita na daftari lake vichochoroni Pasiansi, hakuguswa na tangazo lile.

> Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya shilingi 100,000 kwa mwezi ni shilingi 3,500.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejea mwaka 2024. Tatizo la mikopo hii ni mwendo. Inahitaji kikundi, katiba, usajili, akaunti, uhakiki. Shida ya ghafla haingoji uhakiki, na katika pengo hilo la siku chache ndimo kausha damu inamoingia.

Swali la "nani ananifanyia?"

Kuna njia nyingine ambazo watu hushika shida zikiwaandama. Vijana wa vijiweni hubeti, wakitafuta mkeka mmoja wa kufuta madeni yote. Wengine hunywa. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba Machi 1, 2017, lakini kiu ya kusahau haikupigwa marufuku siku hiyo.

Njia inayonitisha zaidi ni ya tatu. Mambo yakirundikana mno, mtu huacha kuuliza kipi kilitangulia, akaanza kuuliza nani anamfanyia. Mganga hupatikana, na mganga huhitaji fedha, basi deni jingine linaongezeka. Kisha hutajwa mtu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua swali hilo limetufikisha wapi. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi yao ushahidi pekee ukiwa macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe walivyopikia maisha yao yote.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema habari za msongo wa mawazo ni anasa ya watu wa mjini wenye muda. Hasira na kukata tamaa visipopata pa kwenda, hutafuta mtu wa kumwangukia. Mara ni mtoto anayepigwa bila kosa, mara ni mke, mara ni bibi kizee wa nyumba ya tatu. Na mara nyingine ni mwenye shida mwenyewe.

Bibi wa Mbare

Zimbabwe, bibi kizee amepewa kazi nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 daktari huyo akaanza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati.

Kwa Kishona ugonjwa wanaouhudumia huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hapa kwetu tunasema "nina mawazo", na kila mtu anaelewa si mawazo ya kawaida. Kazi ya bibi huanza na hatua wanayoiita kufungua akili. Mgonjwa huyamwaga yote yaliyomo moyoni, bibi asimkatize. Kisha huchaguliwa shida moja tu, ile mgonjwa mwenyewe anayoiona inaweza kuanza kusogea. Hupangwa hatua ya kuichukua wiki hiyo, na wiki inayofuata hurudi kuelezana ilikwendaje.

Utafiti wa benchi hilo ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Wagonjwa walikuwa 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, takriban nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi, walikuwa kama 14 kwa kila 100. Hapa jirani, Nairobi, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofanana na huo ulijaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili. Ulikuwa wa vikao vitano, ukiendeshwa na wahudumu wa jamii wasio madaktari, na wanawake wale walipata nafuu.

> Bibi hachagui shida kubwa kuliko zote. Anamwachia mgonjwa achague inayoweza kuanza kusogea.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka bugobogobo. Vijana wa Kisukuma wanapolima shamba la mtu kwa pamoja, ngoma ikipigwa na majembe yakirushwa juu, shamba lile ni lile lile ambalo mwenyewe akilitazama peke yake alfajiri angerudi kulala. Hakuna aliyepunguza ukubwa wake. Limekatwa mistari, na kila mtu amepewa mstari wake. Mambo haya hayakutoka mbali kuja kutufundisha. Yako kwetu, ila tumeyaacha shambani.

Jumanne ilivyokwenda

Katika daftari lile tulipiga mstari chini ya neno moja, rejesho. Pikipiki aliiacha kwa mwanawe na mwenye pikipiki wazungumze wenyewe, na naamini kuiachia tu kulimpunguzia nusu ya uzito, kwani hakuwa na uwezo wowote juu ya injini ile. Bati lilingoja.

Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa kikoba chake. Wengi tunavijua vikoba kwa hisa na kwa sherehe ya kuvunja mwisho wa mwaka, tunasahau kwamba karibu kila kikoba kina mfuko wa jamii, ule mchango mdogo wa kila wiki unaowekwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Yeye alikuwa ameuchangia miaka mitatu bila kuugusa. Aliona aibu, kwa sababu kuomba kungemlazimu kutaja kausha damu mbele ya wenzake. Alipoutaja mkopo huo, wanawake wawili katika kundi lile walikiri kwamba nao wanao mkopo wa mtu yule yule.

Sitaki kumdanganya msomaji. Mfuko ulimpa fedha ya dawa ya mtoto na sehemu ya rejesho, haukumaliza deni. Dagaa waliolowa aliwakausha tena wakanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, akarudisha chini ya nusu ya mtaji. Mkopeshaji alikubali kupunguza kiasi cha kila wiki walipomfuata wanawake watatu pamoja, jambo ambalo hakuwa amelikubali kwa mmoja mmoja. Deni bado lipo. Lakini wiki iliyofuata wingu lilitanda tena Igombe, akanunua ndoo mbili tu, akarudi nyumbani saa nne asubuhi.

Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Wazee hao hao tunaowanukuu tukiwaambia watu wavumilie walijua pia kwamba kitu cha kwanza ni kusema.

Tunachoweza kuomba sasa

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio watakaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za malaria, lishe na kliniki ya wajawazito. Naiomba Wizara ya Afya iingize ndani ya mafunzo yao vikao hivi vya kusikiliza na kupangua shida. Hakuna mashine ya kununua. Benchi la mbao fundi wa Pasiansi analichonga kwa siku moja, na bibi wa kukaa hapo tunao wengi, wenye subira, wanaojua watu wa mtaa kwa majina.

Naiomba halmashauri iongeze chanja za kuanikia dagaa kwenye mialo yake kabla ya masika ijayo, maana kila ndoo isiyoanikwa mchangani ni rejesho moja lisilokopewa. Naiomba Benki Kuu ishuke mpaka vichochoroni, kwa daftari la mkopeshaji wa mfukoni.

Nawe msomaji, kama usiku wa leo yamekuzidi kiasi cha kufikiri kujidhuru, usilale nayo peke yako. Mwamshe mtu mmoja. Kesho nenda zahanati iliyo karibu nawe ukawaambie hivyo hivyo unavyojisikia. Kwa walioko Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando wanatibu pia magonjwa ya afya ya akili.